Mzigo wa Mkwe Haufunguliwi

Yusufu mwanangu,

Nakusalimu salamu za mtu anayekuona kila siku na kesho hatakuona. Mama yako ananicheka hapa. Anasema, "Mtoto kaenda kuaga kwa shangazi zake tu, atarudi akishakula, nawe unamwandikia barua kama yuko Kilwa!" Mwache acheke. Ananijua. Nikianza kusema nawe neno la maana, nusu ya njia nakasirika, na nikikasirika nasahau nilikokuwa nakwenda, mwisho nakugombeza kwa ajili ya kamba au ndoo. Karatasi hainikasirishi. Basi nimekaa barazani, mwanga bado upo, naandika kwa herufi hizi za Kiarabu za chuoni ambazo wewe uliyesoma shule ya Serikali unaziona kama nyayo za kuku. Zisome polepole. Mama yako atakupa barua hii alfajiri kabla hujatandika punda, nawe usitoke nje mpaka uimalize, maana mwishoni mna kazi.

Mambo ya njia sitakuandikia. Mahali pa kunywesha punda unapajua, mtu wa kulala kwake kila kituo unamjua, na kama hujui kwamba punda hapandishwi mlima wa Umatengo jua la saa sita, basi nimekulea bure. Mama yako naye ameshakuagiza yake mpaka masikio yamechoka.

Nataka kukueleza habari ya babu yako mzaa mama na mizigo yake ya nta. Nusu unaijua. Unajua nilifungwa kabla ya vita vya maji. Watu walikuambia nilifungwa kwa sababu ya pembe za ndovu, na wengine kwa wema wao wakakuambia kwamba Wadachi walinionea. Nami niliwaacha waseme, maana mtu aliyeonewa hupewa kiti akifika kwa watu. Haya, leo nakuambia: sikuonewa.

Na sababu ya kukuambia leo iko pale uani, imefunikwa ngozi isinyeshewe. Ni ile mizigo ya tumbaku aliyoileta Mzee Kindamba, baba wa mkeo, imeshonwa kwa majamvi pande zote kama mtoto aliyefunikwa wakati wa baridi. Kesho utaipeleka ziwani kwa punda wetu, na punda hao ndio mali yote tuliyo nayo, hakuna nyingine ndani wala nje. Ukifika forodhani utaulizwa umebeba nini, nawe utajibu, na jibu lako litaandikwa. Leo mchana nilikuona, Yusufu. Uliinua mzigo mmoja, ukauweka. Ukainua mwingine, ukauweka polepole zaidi. Ukanitazama mimi. Halafu ukainamisha macho, ukamwambia mkwe wako, "Shikamoo baba, tumeshapokea." Lo! Mtazamo ule naujua, ulikuwa wangu.

Sikiliza sasa.

Wakati ule nilikuwa na punda wangu, na mdogo wangu, baba yako mdogo, alikuwa na punda wake wawili. Watu walimwita Nungu kwa ajili ya nywele zake, zilisimama hata akizipaka mafuta. Wewe ulikuwa mdogo wa kuchunga mbuzi, sijui kama unamkumbuka vizuri. Alikuwa mtu wa mzaha kutwa, na punda wake aliwalea kama wanawali. Jike mmoja alimwita Subira, naye hakumpiga fimbo hata siku moja. Alikuwa akimsemesha tu, "Twende mama, twende, mbele kuna majani," na punda yule anakwenda. Tulikuwa tukichukua mizigo ya watu kutoka hapa Songea, tunapita karibu na misheni ya Peramiho, tunapanda milima ya Umatengo, tunateremka mpaka ziwani. Tulikuwa na jina. Mtu akitaka mzigo wake ufike, alituita sisi.

Na jina letu lilitokana na jambo moja: hatukufungua mzigo wa mtu. Wapagazi wa zamani ndivyo walivyotufundisha. Fundo la mwenye mali ni kama mlango wa nyumba yake, ukilifungua bila yeye, wewe ni mwizi, hata kama hukuchukua unyoya. Mimi niliwahi kubeba mzigo uliokuwa unanuka, mchana na usiku unanuka, mpaka ziwani, sikufungua. Hata leo sijui mlikuwa na nini. Nilijisifu kwa mzigo ule miaka mingi.

Basi babu yako akaja na nta yake. Nilikuwa nimeshamwoa mama yako miaka mingi, lakini mkwe hazoeleki, na wakwe wa siku zile hawakuwa hawa wenu mnaokaa nao mkeka mmoja. Nikimwona njiani nilipisha mpaka majanini. Kula naye, hapana. Kumtazama usoni, hapana. Jina lake sikulitamka alipokuwa hai, na unaona hata katika barua hii nazunguka tu, babu yako, babu yako. Alinifanyia heshima kubwa kunipa mali yake nimchukulie. Mikate ya nta mikubwa mikubwa, imeviringwa ngozi, imefungwa kamba mpya.

Tukaanza kupakia. Unajua shogi la punda lilivyo, mfuko upande huu na mfuko upande huu, na pande zote mbili sharti zilingane, la sivyo shogi linalala na punda anachubuka. Nikaweka mkate wa nta kulia, mkate kushoto, sawasawa kwa macho. Shogi likalala kulia. Nikabadilisha. Likalala kushoto. Mikate ya kimo kimoja, unene mmoja, na mmoja wazidi mwenziwe hivyo! Subira akageuza shingo akanitazama, nami nikajifanya naangalia kwato.

Nikajikaza nikamwambia babu yako, nimeinama hivi, "Baba, upande huu ni mzito kidogo."

Akasema, "Nta ya Umatengo ni nzito, mwanangu. Nyuki wa milimani wanakula vizuri."

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka, maana mkwe akifanya mzaha unacheka. Nikaenda nikaokota jiwe pale pembeni, nikalitia upande wa pili, shogi likakaa sawa. Nungu alikuwa ananitazama. Babu yako alipokwisha kuondoka akanijia, akasema, "Kaka, mimi nimebeba nta tangu sijaota ndevu. Nta hailemei hivi. Tufungue."

Nikamwambia, "Wewe hujaoa. Utajua nini adabu?"

"Adabu gani ya kubebesha punda mawe? Wewe unamwogopa mkwe kuliko simba."

Nilimfokea. Nilimwambia maneno ambayo nikiyakumbuka sasa nataka kuuma ulimi. Nilimwambia kwamba mtu asiye na mke wala shamba hana haki ya kunyoosha kidole kwa wazee. Naye akaenda kumfunga Subira kamba ya tumbo. Njia nzima hakuutaja tena ule mzigo. Alikuwa na mizaha yake, akiimba, akiwatania Wamatengo tuliokutana nao milimani, lakini nilijua amenyamazia nini.

Tukafika ziwani. Forodha ya siku zile ilikuwa banda tu, na mizani, na meza, na karani mmoja mtu wa pwani, kanzu safi, mpole wa maneno. Mdachi mwenyewe alikaa ndani kwenye kivuli. Tulimwogopa yule wa ndani, kumbe wa kuogopwa alikuwa mpole wa nje.

Akaniuliza, "Umebeba nini?"

"Nta."

"Ya nani?"

Hapo, Yusufu, hapo! Jina la mkwe wangu nisingeweza kulitoa kinywani mbele ya watu, na Wangoni wawili wazima walikuwa pale nyuma yangu wakisikia. Ningeweza kusema ya mzee fulani wa Songea. Ningeweza kumwambia Nungu alitaje yeye, hakuwa mkwe wake. Sikufikiri. Nikasema, "Yangu."

Akaandika. Akaniuliza tena, "Umeiona yote? Ni nta tupu?"

Nikasema, "Nimeiona."

Basi. Ni maneno mawili tu. Yangu, nimeiona. Yote mawili ya uongo, na yote mawili nimeyasema kwa adabu. Karani akaweka dole gumba langu kwenye wino, nikagonga.

Halafu akasimama akaenda motoni. Sikuwa nimeuona ule moto, nilidhani wa kupikia. Akachomoa chuma kirefu chembamba, chekundu nchani, akafungua ngozi ya mzigo wa kwanza, akakichoma katikati ya nta. Kikapita kama kinapita kwenye uji. Wa pili kikapita. Nikaanza kupumua. Wa tatu kikaingia kidogo kikagota. Akakichomoa, akachoma pembeni, kikagota. Harufu ikatoka, kama mfupa ukiungua. Karani akanitazama kwa huruma, wallahi, kwa huruma, ndipo akaita ndani.

Waliiyeyusha nta ile kwenye sufuria mbele yetu. Zikabaki pembe za ndovu wadogo, fupi, nyembamba, zile ambazo Serikali ilikataza hata kuzigusa. Babu yako alizimiminia nta ya moto, zikalala ndani kama mtoto tumboni. Kwa ufundi, alikuwa fundi.

Mdachi akaamuru. Nta imechukuliwa. Pembe zimechukuliwa. Na punda wote, waliobeba pembe na waliobeba nta tupu na yule aliyebeba chakula chetu, wote wa Serikali tangu saa ile, maana sheria yao husema kitu kilichochukua mali ya kificho huenda pamoja nayo. Nungu akaruka. "Bwana, hawa wawili ni wangu! Mimi sikusema neno, sikugonga dole!" Karani akamtafsiria, akarudi na jibu: msafara mmoja, jina moja limeandikwa, aliyeandikwa amesemea wote. Nungu akanigeukia. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru. Akasema tu, "Kaka, waambie basi ni za nani."

Sikuwaambia.

Hilo ndilo ambalo mama yako mwenyewe nilimweleza baada ya miaka. Hata pale, na chuma kinatoa moshi, na Subira anavutwa na askari na kukataa kwenda kwa sababu hakuna aliyemsemesha, sikuweza kumtaja mkwe. Na babu yako alipoitwa bomani hapa Songea alisema alinipa nta, mengine nitayajua mimi na njia yangu. Sikumkanusha. Nikachapwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, nikatiwa mnyororo shingoni pamoja na wenzangu, tukawa tunabeba maji na kufagia njia ya boma.

Kabla hawajanitoa kule ziwani, yule karani aliniletea maji ya kunywa. Akachuchumaa, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, ulinikosesha. Kama ungesema hujui kilichomo, ningefungua mwenyewe. Pembe zingekwenda, wewe ungerudi na punda zako." Nikamwuliza, "Kusema sijui kungetosha?" Akasema, "Kungetosha kabisa. Sisi hapa hatumfungi mtu kwa kutojua. Wewe umesema unajua."

Nilikaa na maneno hayo mnyororoni, usiniulize muda gani. Nilitaka kumchukia karani, sikuweza. Nilitaka kumchukia babu yako, nikashindwa, nilikuwa nimemwogopa mno hata chuki haikupata mahali pa kukaa. Heri nusu shari kuliko shari kamili, wanasema, na nusu ya shari niliiona kwa macho yangu pale nilipopakia, nikaitilia jiwe ikae sawa.

Lakini hayo yote ni yangu, nami ningeyabeba. Kisichobebeka ni Nungu.

Mtu wa punda akikosa punda anakuwa mtu wa kichwa tu, kichwa cha kubebea. Akida alimchukua kazi ya barabara, akachapwa, akatoroka, akashikwa, akachapwa tena. Aliwahi kunijia bomani na togwa, akampa askari tumbaku iliyosokotwa kwa ganda la hindi ili amruhusu asimame ng'ambo ya boriti ya lango. Mizaha ilikuwa imemtoka. Alisema, "Kaka, kuna mtu ametoka Ungindo, ana dawa. Ukinywa, risasi ya Mdachi inakuwa maji."

Nikamwuliza, "Umeona?"

Akasema, "Nimeambiwa na watu wakubwa. Watu wa heshima."

Nilitaka kumwambia, mwanangu, kaulize, kaone kwanza, mwombe mwenye dawa amnyweshe mbuzi ampige risasi mbele yenu. Lakini ningekuwa nani mimi, na mnyororo shingoni, kumwambia Nungu asiamini watu wa heshima? Yeye ndiye aliyeniambia tufungue, nami nikamwambia hana mke. Nikanywa togwa yake. Nikamwambia, "Jitunze." Naye akasema, "Nitakuja Ijumaa," akaenda zake.

Vita vikaja. Sisi wa minyororo tulikuwa ndani ya boma, tukisikia bunduki, na kwa sababu ya kifungo kile mimi niko hai. Mzee niliyemwona mwenye cheo nikamwona amenyongwa, na wengi wengine, na wewe unajua pale walipozikwa, hupiti bila kunyamaza. Nungu hakunyongwa. Hakurudi tu. Nilipofunguliwa nilikwenda nikiuliza kijiji kwa kijiji, na njaa ile imekwisha kuingia, watu wanachimba mizizi porini, nani angekuwa na habari ya mtu mmoja mwenye nywele kama nungu? Mwanamke mmoja aliniambia alimwona na wenzake wakikimbilia bondeni, wakipiga kelele "Maji! Maji!" Basi ndiyo habari niliyo nayo. Nililia njiani kama mtoto, na hata sasa ninapoandika wino unatiwa maji, usidhani ni mvua.

Babu yako alikufa kwa njaa ile ile. Siku za mwisho alimtuma mtu aniletee kibuyu cha asali. Hakutuma neno, na mimi sikurudisha neno. Tuliila.

Sasa nikuambie mama yako alisema nini siku nilipomweleza yote. Nilidhani atalia kwa ajili ya baba yake. Aliendelea kupeta mahindi, tena na tena, ndipo akasema, "Mngemwuliza tu. Baba angekasirika siku mbili. Ningempikia kuku angetulia." Nikamwambia, "Ingekuwa aibu." Akasema, "Aibu ya siku mbili." Mimi nimeyasikiliza mawaidha ya mashehe, na mapadri wa Peramiho niliwasikia tukipumzika pale kisimani, lakini hakuna aliyewahi kuniacha bila jibu kama mwanamke yule na ungo wake.

Sasa nirudi kwako. Sijui Mzee Kindamba ameshona nini ndani ya majamvi yale. Pengine ni tumbaku tupu. Ni mtu mwema, ametupa binti mzuri, Zuhura ana adabu na ana akili, na mimi napenda kukaa naye Kindamba barazani tukizungumza. Sina neno baya naye. Ndiyo maana nakuambia: kuuliza si kumwita mtu mwizi. Sisi tumelifanya liwe hivyo. Mtu anayekwenda kutia dole lake kwenye wino lazima aone anachokitilia dole. Na kama hukuona, sema hukuona, hata kama nyuma yako wamesimama Wangoni wote na Wayao wote. Jina la mkwe likikushinda, mwambie mwenzako alitaje. Usiseme yangu. Kamwe usiseme yangu.

Nilifikiri niende mimi kwa Kindamba leo hii nimwombe afungue. Mimi na yeye ni wakwe wenza, mzee kwa mzee, tungeelewana. Nilikwisha kuvaa kofia. Mama yako akaniuliza, "Na safari ijayo atakwenda nani? Utamfuata ziwani ukamwulizie huko?" Nikavua kofia. Ana haki. Ziwani utakuwa peke yako, na watakuja watu wakubwa kuliko mkwe, matajiri, makadhi, maakida, kila mmoja na mzigo wake na heshima yake. Lazima kinywa chako kizoee hapa nyumbani.

Basi kazi ni hii. Mchana baada ya sala nilikwenda chumbani nikafunga mzigo wangu mwenyewe, mkate mmoja wa nta, nikaushona jamvi, nikautia kati ya mizigo ya mkwe wako, ule wenye kamba ya katani nyekundu. Utakuwa wa kuuzwa ziwani. Kesho asubuhi Kindamba atakuja kukusindikiza, na shangazi zako, na jirani zetu wote, uani patajaa. Kabla hujapakia hata kitu kimoja, simama mbele yao uniambie, kwa sauti, "Baba, naomba ufungue mzigo wako niuone."

Mimi nitakasirika. Hili nakuahidi, nami najijua. Nitakuuliza mbele ya watu kama umeniona mwizi. Nitakuita mtovu wa adabu, pengine nitataja na maziwa ya mama yako. Shangazi zako watashika vifua na kusema ehee, shule ya Wadachi hiyo. Mkwe wako atatazama chini. Wewe usirudi nyuma. Uniambie tena, kwa upole kama vile Nungu alivyokuwa akimsemesha punda, lakini uniambie. Nami nitafungua, huku nanung'unika, mbele ya macho ya kila mtu, na utachukua kisu ukate mkate ule katikati.

Ukishafungua mzigo wa baba yako mzazi, Yusufu, ukamgeukia Kindamba ukamwomba naye afungue yake, atakataa kwa kusema nini? Akikubali, mmekwisha kazi. Akikataa, basi acha majamvi yake hapa uani, nenda na mkate wangu wa nta na punda watupu. Hasira zake niachie mimi na mama yako, kuku wapo.

Nakuambia kwamba ndani ya mzigo wangu mna nta tupu. Nimeifunga kwa mikono yangu, naapa kwa Mungu, na sijawahi kukudanganya tangu uzaliwe.

Usiniamini. Fungua.

Ni mimi baba yako,
Hasani